Unarudi baharini? Chagua ubao wa mwili ulio nao leo

(Mazungumzo na klabu ya afya ya shule moja ya sekondari ya pwani)

  

Mwalimu wenu wa klabu alinipa vile vikaratasi mlivyoandika maswali. Nilitegemea maswali ya chunusi, ya hedhi, ya mapenzi na yale mengine mnayoogopa kuuliza mbele za watu. Yapo, na tutayafikia wiki ijayo. Lakini vikaratasi vingi vilikuwa na swali ambalo sikulitegemea: “Tulipokuwa shule ya msingi tulicheza mchezo wa ubao wa tanga. Tukaacha. Sasa tunataka kurudi. Tutumie vifaa gani?”

Swali zuri sana. Na msidhani kwamba siyo swali la afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 kufa maji ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo. Kwa hiyo tukizungumzia ubao na tanga tunazungumzia uhai. Tunazungumzia pia furaha, maana mwili wa kijana unataka mazoezi, na bahari ipo hapo mlangoni.

Kwa nini mliacha? Nimesoma majibu yenu. Wengine mlikwenda bweni. Wengine ni mitihani. Na wasichana kadhaa mmeandika kwamba mlipovunja ungo mliambiwa bahari sasa basi. Sababu ni mbalimbali, lakini wote mna jambo moja: mwili uliotoka majini siyo mwili unaorudi majini. Uliacha ukiwa na kilo 38 na urefu wa mtoto wa darasa la sita. Leo una kilo 58 na umempita mama yako kwa kimo. Kichwa kinakumbuka kila kitu, mikono na miguu haikumbuki. Hapo ndipo ajali zinapoanza.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili moja: chagua vifaa kwa mwili ulio nao leo na kwa upepo wa leo. Usichague kwa sifa ulizokuwa nazo zamani, wala kwa macho ya wenzako wanaotazama pale ufukweni. Sasa twende kifaa kimoja kimoja.

KABLA YA VIFAA: JE, BADO UNAOGELEA?

Kipimo rahisi. Kwenye maji tulivu yenye kina cha kifua, mtu mzima akiwa karibu, ogelea mita 50 bila kusimama. Halafu elea chali dakika 10. Umeweza? Endelea. Hukuweza? Basi kifaa chako cha kwanza ni mwalimu wa kuogelea, ubao utasubiri. Hakuna aibu. Na wasichana, msikubali kuambiwa kwamba stara na kuogelea haviendi pamoja. Kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuogelea zinazofunika mwili mzima, hadi kichwa. Nguo hizo hushika mwili. Zinazofaa kuachwa nyumbani ni kanga, dira na baibui, kwa sababu zikilowa huwa nzito na hujisokota miguuni.

UBAO: HESABU YA LITA

Ubao hupimwa kwa lita, yaani ujazo wake. Fomu one mlisoma sheria ya Archimedes, si ndiyo? Leo itawasaidia nje ya mtihani. Lita moja ya ubao hubeba takriban kilo moja.

Tuchukue mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kilo 58. Rafiki yake anamwazima ubao wa lita 90, mfupi, mwembamba, wa rangi kali, ule wa mabingwa. Tupige hesabu. Mwili kilo 58, ubao wenyewe kilo 7, tanga na mlingoti kilo 8, nguo zilizolowa kilo 2. Jumla kilo 75. Ukitoa kwenye 90, zinabaki 15 tu. Ubao utaelea, lakini utazama mpaka karibu na uso wa maji, na kila akihamisha mguu utalala upande. Ataanguka, atapanda, ataanguka, atapanda. Baada ya nusu saa hana nguvu, na upepo umeshamsukuma mbali.

Sasa mpe ubao wa lita 150. Huu ni mzito zaidi, kilo 11 hivi, kwa hiyo jumla inakuwa 79. Zinabaki 71. Huo ni kama jamvi. Atasimama, atainua tanga, atakosea, na bado ubao utamvumilia.

Kanuni ya mtu anayerudi ni nyepesi: chukua uzito wako wa leo, ongeza 80 hadi 100. Hizo ndizo lita zako za kuanzia. Mwenye kilo 50 atafute lita 130 hadi 150. Mwenye kilo 65, lita 145 hadi 165. Pimeni uzito leo kwenye mizani ya klabu, msikisie.

Angalia pia upana. Mchezo huu ulipoanza kuenea, mbao zilikuwa ndefu na nyembamba. Ubao wa Hoyle Schweitzer na Jim Drake, Wamarekani walioomba hataza yake mwaka 1968, ulikuwa na urefu wa karibu mita 3.65 na upana wa sentimita 65 tu. Siku hizi mbao za kujifunzia ni fupi zaidi lakini pana, sentimita 75 hadi 90. Upana ndio unaokupa utulivu. Kwa hiyo ukikuta ubao wa zamani stoo kwa mjomba, usiudharau, lakini ujue kwamba mpana utakurudisha haraka zaidi.

Mwisho, pindua ubao utazame chini. Wa kujifunzia mara nyingi una mkuku katikati, kipande kinachoshuka na kupanda, mbali na pezi la nyuma. Mkuku hukuzuia usisukumwe upande kama jani, na ndio utakaokusaidia kurudi ulikotoka. Hakikisha unashuka na kupanda bila kukwama, kwa sababu maji yetu yanapwa sana. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Sasa hivi unaelea, saa chache baadaye pezi linagonga mwamba na wewe unaruka mbele kichwa kikitangulia.

TANGA: USISHINDANE NA UPEPO

Tanga hupimwa kwa mita za mraba. Kwa kilo 50 hadi 65, siku za kwanza tumia mita 4 hadi 4.5. Atakuja mtu akwambie, “Ah, hilo la watoto!” Mjibu kwa fizikia. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo ukitoka kilomita 15 kwa saa kwenda 30, yaani mara mbili, nguvu inayovuta mikono yako huwa mara nne. Hata kutoka 20 hadi 28 tu, nguvu karibu inaongezeka maradufu. Tanga uliloliweza saa tatu linaweza kukushinda saa sita.

Huna kipimo cha upepo? Tazama bahari. Mawimbi madogo, povu jeupe hapa na pale: siku nzuri ya kurudi. Povu jeupe kila mahali: kaa ufukweni, tazama wenzako. Kaskazi na kusi zote zina siku zake kali, na babu zetu wavuvi hawakuona aibu kuvuta ngalawa pwani.

Kuna jambo la kutazama zaidi ya nguvu ya upepo, nalo ni mahali unapoelekea. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ni adui wa anayerudi. Karibu na ufukwe unaonekana mpole na maji ni tulivu, lakini ukitoka tu unakuchukua. Kusi na kaskazi kwenye ufukwe wa mashariki, kama Paje na Jambiani, kwa kawaida hukusukuma pwani au sambamba na pwani. Ukizunguka upande wa magharibi wa Unguja, upepo ule ule unaweza kukutoa kisiwani. Kabla ya kuingia, rusha mchanga mkavu juu. Ukielekea baharini, usiingie.

MLINGOTI NA MSHIKIO

Hapa ndipo wanaorudi wanapopoteza pesa. Milingoti ni ya aina mbili, mnene na mwembamba, na kipande cha chini cha mmoja hakiingii kwenye mwingine. Ukiwa na mlingoti wa kaka yako na kipande cha chini ulichonunua kwa mtu, jaribu kuviunganisha kabla ya kutoa hata shilingi. Halafu soma tanga lenyewe. Karibu na pembe yake ya chini limeandikwa urefu wa mlingoti linaoutaka, kwa mfano sentimita 370 au 400. Mlingoti mrefu mno au mgumu mno hulifanya tanga likae vibaya, nawe utalaumu mikono yako bure. Utasikia pia habari za asilimia za kaboni. Kaboni nyingi ni wepesi na bei kubwa. Wewe unayerudi, kaboni kidogo yatosha.

Mshikio ni lile duara refu unalolishika kwa mikono miwili. Hufungwa kwenye mlingoti na huweza kupandishwa au kushushwa. Wengi hurudi na kulifunga pale pale lilipokuwa miaka minne iliyopita! Umerefuka, ndugu yangu. Simama kwenye ubao ukiwa mchangani, pezi likiwa limetolewa, usimamishe tanga, na ufunge mshikio kwenye usawa wa bega. Ukiufunga chini mno utainama kama anayepiga deki, na mgongo utauma siku tatu.

Mkanda wa kiunoni wenye ndoano, ule unaokusaidia kuning'inia kwenye tanga, uache kwanza. Uvae siku utakapoweza kwenda na kurudi pale pale ulipoanzia, mara kadhaa, bila kuokolewa. Vile vishikio vya miguu navyo vifungue uviweke begi.

VITU VIDOGO VINAVYOOKOA MAISHA

Jaketi la kujiokolea. Ndani limeandikwa uzito wa mvaaji. Lile la darasa la sita halikutoshi tena, mpe mdogo wako. Vaa jipya, funga mikanda yote, mwambie mwenzako akuvute mabegani kwenda juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno.

Kiungo cha mpira. Ndicho kinachounganisha mlingoti na ubao. Kikunje kwa mikono na utazame kwa makini. Ukiona nyufa, hata ndogo, usiende nacho. Kikikatika katikati ya bahari, tanga linabaki huku na wewe huku.

Viatu vya mpira vyenye soli ngumu. Miamba yetu inakata, na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hawana huruma. Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni, na nenda kituo cha afya ukaulize habari ya chanjo ya pepopunda.

Fulana ya mikono mirefu, kofia inayofungwa kidevuni, na lita moja na nusu ya maji ya kunywa ufukweni. Upepo hukudanganya kwamba hakuna jua.

Na mwenzako. Huyo naye ni kifaa! Asiwepo wa kukutazama kutoka ufukweni, usiingie.

UKINUNUA MTUMBA

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo azima au kodi kwanza mara tatu nne, ndipo ufikirie kununua. Na ukienda kununua, fanya hivi:

1. Inua ubao. Ukiwa mzito kuliko unavyoonekana, pengine umenyonya maji ndani.
2. Bonyeza juu kote kwa kidole gumba. Panapobonyea pameoza.
3. Tazama pua ya ubao. Mlingoti ukianguka hupiga pale. Ufa uliozibwa ovyo ni ufa bado.
4. Tafuta skrubu ndogo ya kupumulia. Mbao nyingi zinayo. Hufunguliwa ubao ukiwekwa juani au kusafirishwa kwa ndege, na lazima ifungwe kabla ya kuingia majini.
5. Kunja ile plastiki angavu ya tanga taratibu. Ikiwa ya njano na inalia kama karatasi kavu, jua limeshaila.

ZAWADI YA TANGA

Sasa nyamazeni kidogo, hili ni zito.

Vifaa hivi ni ghali, na kila mtu anajua kwamba mwanafunzi hana pesa. Kwa hiyo atakuja mtu mzima, mwenyeji au mgeni, mwanamume au mwanamke, aseme: “Nitakupa ubao. Nitakufundisha bure. Njoo tu kwangu jioni, na usimwambie mtu.” Wavulana, msidhani naongea na wasichana peke yao.

Mtu mwema yupo, na misaada ya kweli ipo. Utaitambua vipi? Msaada wa kweli hutolewa mchana, mbele ya watu, na mzazi au mwalimu anajua. Zawadi inayotaka siri ina bei, na bei yake ni mwili wako. Ukishaona hivyo, kataa, ondoka, na mwambie mtu mzima unayemwamini. Tanzania na Kenya, namba ya simu ya huduma kwa watoto ni 116, nayo ni bure. Na kama jambo limeshatokea, kosa siyo lako. Nenda kituo cha afya mapema, siku hiyo hiyo ukiweza, na si zaidi ya siku tatu, kwa sababu zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72.

MASWALI YENU

Swali: Dada, nimeona kwenye Olimpiki ya Paris mbao zinapaa juu ya maji. Kwa nini tusianze na hizo?

Jibu: Ulichoona ni ubao wenye bawa chini ya maji. Ndio uliotumika mwaka 2024. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1984 kwa wanaume na 1992 kwa wanawake, na mbao zimebadilika mara nyingi tangu hapo. Lile bawa linataka maji yenye kina, na sisi ndani ya mwamba maji yakipwa ni ya magotini. Pia lina kingo kali. Rudisha kwanza miguu yako, bawa litafuata.

Swali: Nina pumu. Nirudi au nisirudi?

Jibu: Pumu peke yake haikufungii mlango. Zungumza na daktari kwanza. Dawa yako ya kuvuta iwe ufukweni kwenye mfuko usioingia maji, na mwenzako ajue jinsi ya kuitumia. Mwenye kifafa lazima apate ushauri wa daktari kabla ya kuingia majini hata kidogo.

Swali: Nikiwa kwenye siku zangu?

Jibu: Hedhi siyo ugonjwa. Ukijisikia vizuri, cheza. Pedi ya kawaida hunyonya maji ikajaa, kwa hiyo wengine hutumia kikombe cha hedhi au chupi maalumu za kuogelea, na wengine hupumzika siku mbili za mwanzo. Chaguo ni lako. Pia sidiria ya michezo inayokushika vizuri ni kifaa kama vifaa vingine.

Swali: Upepo ukinizidi nguvu nikiwa mbali?

Jibu: Usiuache ubao, hata kama pwani inaonekana karibu. Ubao unaelea na unaonekana, kichwa chako hakionekani. Lalia ubao, weka tanga nyuma lilale, piga kasia kwa mikono. Ukishindwa, piga magoti, nyoosha mikono yote miwili pembeni, iinue na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana duniani kote.

Swali: Na wakinicheka kwa ubao mkubwa?

Jibu: Watacheka siku ya kwanza. Siku ya pili watakuwa wamechoka kucheka, na wewe utakuwa unakwenda na kurudi. Vijana wengi hawaponzwi na kutojua, huponzwa na kuogopa kuonekana hawajui. Ndivyo ilivyo kwa sigara, ndivyo kwa mapenzi, ndivyo kwa bahari. Ukiweza kusema mbele ya wenzako, “Mimi leo naanzia kwenye ubao mpana na tanga dogo,” umeshajifunza kusema hapana mahali pengi.

Haya, mizani iko pale mlangoni. Kila mmoja apime, aandike kilo zake, aongeze 80 na aongeze 100, aone lita zake. Kuuliza si ujinga. Karibuni mezani.